Tambara si mfuniko wa tangi

Baba mmoja alitoka Mitundu kuelekea Itigi, mkewe na watoto watatu wakiwa garini. Alikuwa amejaza petroli kwa dumu, akauweka mfuniko wa tangi juu ya paa la gari, akausahau hapo. Mtoto wa nyuma alipolalamikia harufu, mfuniko ulikwisha kupotelea vumbini. Akafanya wafanyavyo wengi: akachana tambara, akaziba, akaendelea na safari.

Ndugu msomaji, tambara hunywa petroli kama utambi wa kandili. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini ya gari ukingoja cheche. Waliokusanyika Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019 kuchota mafuta ya lori lililopinduka walifikwa na moto wa mafuta hayohayo, na zaidi ya watu 100 wakafariki dunia, Allah awarehemu.

Kufunga nailoni nako kuna kasoro. Mfuniko halisi una vali ndogo inayoingiza hewa kadiri mafuta yanavyopungua. Hewa ikikosa njia, pampu huvuta kwa taabu na gari huweza kuzima porini. Vumbi nalo, ambalo barabara ile haina uhaba wake, huishia kwenye chujio.

Kwanza rudi pale ulipojazia mafuta, uulize. Ukiukosa, usinunue mwingine kwa kukisia. Ipo mifuniko ya kukaza kwa hesi na ipo ya kuzungusha kidogo ikashika. Hata magari ya kampuni moja hutofautiana. Mpe muuza spea aina ya gari, mwaka na namba ya chesisi. Ukaufunge mbele yake: uzunguke bila kulazimishwa, ushike, na mpira wake usiwe na ufa.

Unaouzwa mkononi kwa bei ya kutupa, uliza umetoka gari gani. Mifuniko huchomolewa usiku kwenye magari ya watu, na anayenunua akijua hilo amemsaidia mwizi.

Baba yule hakuupata Itigi. Aliiacha familia kwa shemeji yake, akaagiza Kariakoo, Dar es Salaam, na mfuniko ukaletwa kwa basi siku ya tatu. Mtoto aliyelalamika ndiye aliyeombwa kunusa kabla ya safari ya kurudi. Alinusa mara mbili, kisha akapanda garini.