Tanki Aweke Wapi Pointi Zake?

"Yaya, hizi pointi niweke wapi?" Ndivyo kijana wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, anavyomuuliza mwenzake aliyemtangulia leveli, simu mkononi, vitufe vya kujumlisha vikimsubiri kwenye kioo. Mhusika wake amepanda leveli, mchezo umempa pointi za kugawa, na kikosi kimeamua kwamba yeye ndiye tanki: wa kusimama mbele na kupigwa ili wengine wasipigwe. Jibu analopata huwa fupi: "Weka zote kwenye damu." Katika leveli za mwanzo jibu hilo linatosha. Mbele ya bosi wa kwanza wa maana, linamwangusha. Sababu zake zinaweza kuhesabiwa kwa kalkuleta ya simu hiyohiyo.

Kazi yenyewe

Tarakimu hizi zina umri mkubwa kuliko simu tunazochezea. Mwaka 1974 mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons ulimpa kila mhusika sifa sita za kupimwa kwa namba, zikiwemo nguvu, wepesi na uimara wa mwili. Michezo ya kompyuta ikarithi mtindo huo. EverQuest ya mwaka 1999 na World of Warcraft ya mwaka 2004 zikauzoesha ulimwengu kikosi cha kazi tatu: tanki anayepigwa, mganga anayerudisha damu, na wapigaji wanaomaliza adui.

Kati ya hao, kazi ya tanki haina faida peke yake. Kikosi hushinda kwa sababu mganga alipata nafasi ya kutibu na wapigaji wakapata nafasi ya kupiga. Tanki huwanunulia wenzake muda, na pointi ndizo fedha zake. Basi kabla ya kugusa kioo ajiulize: kati ya tiba moja na inayofuata, kipigo kibaya kuliko vyote kinachoweza kunifika ni kipi, na je, kitanikuta bado nimesimama?

Damu na kinga huzidishana

Kanuni iliyo rahisi kueleza ni ile ya League of Legends. Kinga ya 100 hupunguza pigo kwa nusu, ya 200 kwa theluthi mbili, ya 300 kwa robo tatu. Wachezaji wengi wakiona hivyo husema kinga huisha utamu kadiri inavyoongezeka: 100 za kwanza zimekupa asilimia 50, za pili 17 hivi, za tatu 8 tu.

Asilimia hizo zinadanganya. Mchukue mhusika mwenye damu 1,000. Asipokuwa na kinga, adui anahitaji kushusha mapigo ya jumla ya 1,000 ili amuue. Akiwa na kinga 100, anahitaji 2,000. Kinga 200, anahitaji 3,000. Kinga 300, 4,000. Kila kinga 100 imeleta nyongeza ileile, wala hakuna kilichopungua. Jumla hiyo tuiite uhai halisi: unagawanya kinga kwa 100, unaongeza 1, kisha unazidisha kwa damu.

Kwa kuwa ni kuzidisha, jibu la wapi pa kuongeza linategemea ulicho nacho tayari. Tuwaweke matanki wawili bega kwa bega. Wa kwanza ana damu 2,000 na kinga 50. Wa pili ana damu 1,000 na kinga 200. Uhai halisi wa kila mmoja ni 3,000. Sasa kila mmoja achague kati ya damu 200 na kinga 20. Wa kwanza akichukua damu anafika 3,300, akichukua kinga anafika 3,400. Wa pili akichukua damu anafika 3,600, akichukua kinga anaishia 3,200. Ni kama kiwanja cha mstatili: kikiwa kirefu na chembamba, eneo hukua haraka ukisogeza ule upande mfupi. Ndiyo maana "weka zote kwenye damu" huwa ushauri mzuri kwa mmoja na hasara kwa jirani yake.

Mganga naye ana lake la kusema. Akirudisha damu 300, kwa tanki wa kwanza tiba hiyo inahimili mapigo ya 450. Kwa wa pili, tiba ileile inahimili 900. Uhai wao halisi ulikuwa sawa, lakini mganga anayemhudumia mwenye kinga kubwa anafanya kazi ya waganga wawili. Kikosi chenye mganga hodari kimsukume tanki wake upande wa kinga. Asiye na mganga wa kutegemewa hana faida hiyo, na damu nyingi itamfaa zaidi, hasa kwa kuwa kinga ya mwili katika michezo mingi haizuii uchawi wala sumu, ilhali damu hupokea kila aina ya pigo.

Vipo pia vizingiti. World of Warcraft ya awali ilipima kinga kulingana na leveli ya anayekupiga. Mbele ya adui wa leveli 60, kinga 5,500 ilikata pigo kwa nusu. Upunguzaji wenyewe ulikomea asilimia 75, na kinga iliyozidi hapo haikusaidia kitu. Kulikuwa na sifa nyingine ya ulinzi ambayo, ikifika 440, iliwanyima mabosi wakubwa uwezo wa kumpiga tanki pigo la maradufu. Kizingiti cha namna hii kikiwepo kwenye mchezo wako, kifikie kwanza, kwa sababu kinafuta lile pigo ambalo mganga hawezi kulitarajia.

Kukwepa hupendeza, hadi mapigo matatu yakupate mfululizo

Wepesi huvutia macho. Mhusika anayekwepa nusu ya mapigo, ukimpigia hesabu ya wastani, ni sawa na yule ambaye kinga inampunguzia kila pigo kwa nusu. Wastani huo ndio mtego.

Bosi anapiga 400 kwa pigo, na kila tanki ana damu 1,200. Mganga anahitaji muda wa mapigo matatu ili amalize tiba. Mwenye kinga anapokea 200 mara tatu, anabaki na 600, tiba inamkuta. Kila safari hali ni hiyo. Mwenye kukwepa huenda asiguswe kabisa, huenda aguswe mara moja au mbili, lakini mara moja katika nane mapigo yote matatu yanampata na damu inaisha. Pambano la bosi lenye vipindi 20 vya namna hiyo litamwacha hai mpaka mwisho kwa uwezekano wa asilimia 7 hivi. Asiyeamini azungushe mapambano elfu moja kwa programu fupi. Dzaleka hawakosekani wa kuiandika, kwani TakenoLAB iliyoanzishwa na Remy Gakwaya imekuwa ikiwafundisha vijana wa huko kazi hiyo.

Ragnarok Online, mchezo wa Gravity ya Korea Kusini uliotoka mwaka 2002, ulilikazia jambo hili. Katika kanuni zake za awali, ukizingirwa na maadui zaidi ya wawili, uwezo wako wa kukwepa ulipungua kwa asilimia 10 kwa kila aliyeongezeka. Kinga nayo ilipungua, ila kwa nusu ya kiwango hicho. Tanki kazi yake ni kuzingirwa. Akitegemea wepesi, ulinzi wake unayeyuka saa ileile kikosi kinapouhitaji.

Bei ya pointi hupanda

Ragnarok hiyohiyo inafundisha kuhusu gharama. Kupandisha sifa moja kutoka 1 kwenda 2 kulikula pointi 2. Kila ulipopita makumi, bei ilipanda, na kwenye namba za tisini hatua moja ilikula pointi 11. Sifa moja kufika 99 iligharimu pointi 628. Mhusika wa kawaida aliyefika leveli 99 alikuwa amepata pointi 1,273 maisha yake yote. Akijaza sifa mbili, anabakiwa na 17 za kugawia nne nyingine.

Angalia sehemu ya mwisho ya ngazi hiyo. Uimara, ulioandikwa VIT kwenye kioo, uliongeza damu kwa asilimia 1 kwa kila pointi. Kuutoa 80 kuufikisha 99 kuligharimu pointi 197, kwa faida ya asilimia 19 ya damu ya msingi. Kwa pointi 194 ungeitoa sifa nyingine kutoka 1 hadi 50. Kwa tanki, uimara wa juu ulikuwa na faida nyingine, kumkinga asiduwazwe na pigo, kwa hiyo wapo waliolipa bei hiyo kwa makusudi. Anayepaswa kuogopa ni yule anayelipa kwa sababu tu namba 99 inapendeza. Mchezo wako ukiwa na bei ya kupanda, tafuta pale inapobadilika, na simama hapo kidogo ufikiri.

Mtandao nao ni sifa

Hapa ndipo ushauri wa wachezaji wa Seoul au Berlin unapotuacha. Malawi haipakani na bahari. Data ya simu hupita nchi jirani kabla ya kufika kwenye nyaya za baharini, na seva nyingi za michezo ziko mabara mengine. Kutoka Lilongwe hadi Amsterdam kwa mstari ulionyooka ni kilomita karibu 7,900. Mwanga ndani ya nyuzi hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 79 hivi, na njia halisi huzunguka mbali zaidi ya mstari huo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ya nchi kadhaa za kanda hii ilizorota, Malawi ikiwemo.

Tuseme bosi anakupa nusu sekunde ya kuinua ngao tangu anapoinua rungu. Ikiwa data yako huchukua milisekunde 250 kwenda na kurudi, nusu ya muda huo imeliwa njiani. Zinabaki 250, ambazo ni kama kasi ya kawaida ya jicho na kidole. Mchezaji hodari atainua ngao kwa wakati wake, na seva itasema amechelewa.

Dzaleka, iliyoko wilaya ya Dowa kilomita 40 na ushee kutoka Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa ina zaidi ya 50,000. Simu nyingi zikigawana minara michache jioni, kila mmoja anapata kipande chembamba. Kwa mchezaji wa hapo, sifa zinazofanya kazi zenyewe, yaani damu, kinga na damu inayojirudisha, zina thamani zaidi kuliko zinavyoandikwa. Ujuzi unaodai kidole kiwahi una thamani pungufu. Kikosi kikiwa na mmoja aliyeko Lilongwe kwenye waifai iliyotulia, huyo ndiye anayeweza kucheza tanki wa ngao na mikwepo, naye aliyeko Dzaleka kwa bando asimame kama ukuta wa damu na kinga.

Usisahau hasira

Tanki asiyegusika lakini anayepuuzwa na adui ni mzigo. Maadui humshambulia aliyewaudhi zaidi, na michezo huihesabu hasira hiyo kwa namba. Katika World of Warcraft ya awali, mpigaji wa karibu alipofikisha asilimia 110 ya hasira aliyoijenga tanki, bosi alimgeukia yeye. Kwa mpigaji wa mbali kikomo kilikuwa asilimia 130. Tanki aliyemimina pointi zote kwenye uhai akakosa nguvu ya kuudhi huwalazimisha wapigaji wake wapunguze mkono, pambano likarefuka, na mganga akaishiwa. Sehemu ya pointi iende kwenye nguvu, kiasi cha kumfanya bosi asigeuke wapigaji wanapoongeza kasi. Ikizidi hapo, umeanza kujidai mpigaji.

Mpangilio wa kushika

Kwa mchezo wowote utakaoufungua, anza na vizingiti, hasa kile kinachozuia mapigo ya maradufu na kuduwazwa. Kisha hesabu uhai wako halisi, ujaribu nyongeza ya damu na ya kinga kando kando, uchukue inayofikisha mbali, huku ukikumbuka kama una mganga na kama adui wako ni wa rungu au wa uchawi. Weka nguvu ya kutosha kushika hasira. Kukwepa kuje mwisho, tena kwa mwenye mtandao unaomruhusu.

Usimalize pointi zote siku ileile ulipopewa. Michezo mingi hutoza fedha au kifaa adimu kwa anayetaka kuzigawa upya, lakini pointi iliyolala haidaiwi chochote. Ingia kwa bosi ukiwa na akiba, ufe mara moja, uangalie kwenye orodha ya mapigo ni lipi lililokumaliza: moja kubwa, mengi madogo, au uchawi. Pigo kubwa linadai damu, mengi madogo yanadai kinga, uchawi unadai kinga yake. Ukishajua, gusa alama ya kujumlisha.