Maneno na Ishara Baina ya Mhudumu na Mgonjwa: Mifano ya Mwambao wa Bagamoyo

Fani za kuhudumia watu, yaani uuguzi, ustawi wa jamii na unasihi, aghalabu hufundishwa kwa vitabu vilivyotungwa nje ya Afrika. Mashuhuri miongoni mwa watunzi wake ni Gerard Egan, ambaye kitabu chake kilitoka mara ya kwanza mwaka 1975. Yeye humtaka mhudumu amkabili mhudumiwa, asikunje mikono, amwelekee kidogo, amtazame machoni na awe ametulia. Makala haya yanadai kwamba maelekezo hayo hayafai kupelekwa Mapinga, au kijiji chochote cha mwambao wa Bagamoyo, bila kupimwa kwanza kwa mila za mazungumzo za wenyeji.

Kuhusu macho, hoja ni fupi. Kijana anayemkazia macho mzee huhesabiwa kuwa hana adabu. Kwa hiyo binti anayeinamisha uso mbele ya mganga hafichi jambo, anaheshimu.

Salamu zina uzito zaidi. Mgonjwa akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo", kisha ndipo huongeza: "ila homa inanisumbua." "Sijambo" hiyo si taarifa ya hali ya mwili, bali ni kuridhia mazungumzo. Bronisław Malinowski alikwisha kubainisha mwaka 1923 kwamba yapo matamshi ambayo kazi yake ni kuunganisha watu kuliko kupasha habari. Mhudumu anayeruka salamu kwa kuwa foleni ni ndefu huikosa ile "ila", na ndani yake ndimo ulimo ugonjwa. Kadhalika, koti jeupe halifuti umri: muuguzi kijana asiyemwamkia mzee "shikamoo" amekwisha kumfunga kinywa kabla ya swali la kwanza.

Hata hivyo, mfano ulio mzito kuliko yote ni neno *degedege*. Utafiti wa Peter Winch na wenzake katika Wilaya ya Bagamoyo, uliochapishwa mwaka 1996, ulionyesha kuwa wenyeji waliihesabu homa ya malaria kuwa ugonjwa wa kawaida, ilhali degedege, ambalo mtoto hukakamaa, hutetemeka na kugeuza macho, walilihesabu kuwa ugonjwa mwingine kabisa, wa kupelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji. Umbo la neno lenyewe, takriri ya *dege*, lakumbusha ndege mkubwa, wala halimkumbushi msikilizaji mbu. Kwa tabibu, mtukutiko huo mara nyingi ni dalili ya malaria kali, na kila saa inayopotea yaweza kugharimu uhai. Mama aliyeelezwa kwamba chandarua huzuia malaria hakuelezwa, kwa lugha yake, kwamba kinazuia degedege. Ujumbe ulikuwa wa Kiswahili sanifu, ukaeleweka, na bado haukufika.

Tatizo hapa si la ujinga, kama inavyosemwa kwa wepesi mno, bali ni la semantiki. Kumkanusha mama kwa kicheko au kwa kutikisa kichwa (ishara isiyohitaji mkalimani) humrudisha kwa mganga. Swali "Mtoto ana malaria?" hujibiwa "Hapana", na jibu hilo ni la kweli kwa mujibu wa msamiati wa anayejibu. "Alianzaje? Macho yalikuwaje? Mwili ulikuwa wa moto?" ni maswali yanayompa mama nafasi ya kusimulia alichokiona, na tabibu nafasi ya kukipa jina lake baadaye.