Sambaza, Taa na Nyimbo: Uvuvi wa Usiku kwenye Ziwa Kivu

Uvuvi wa usiku wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, ndiyo kazi kuu ya watu wa ziwani katika upande wa Kongo wa Ziwa Kivu, kuanzia fuo za Ishungu na Katana, chini ya milima ya Lwiro, hadi Kalehe na kisiwa cha Idjwi. Hufanywa kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi, kwa taa, kwa wavu mmoja mkubwa, na kwa nyimbo. Wageni wanaolala kandokando ya ziwa husikia sauti hizo jioni, na kesho yake hueleza moja kati ya mambo mawili: ama wavuvi walikuwa wanajiburudisha, ama huo ni urithi wa mababu wa kale. Maelezo yote mawili yamekosea. Nyimbo hizo ni sehemu ya kazi kama kasia lilivyo, na desturi yenyewe haijatimiza miaka mia.

Kivu ni ziwa gumu kwa samaki. Liko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake hufika mita 485. Chini kabisa mmejaa gesi ya kaboni na ya methani, na hewa ya samaki kupumua ipo tu katika tabaka la juu, takriban mita 60 za kwanza. Aina za samaki waliomo hazifiki hata 40, wakati Tanganyika, jirani yake wa kusini, inazo mamia. Hapo zamani Bahavu wa visiwani na pwani, pamoja na Bashi wachache walioishi karibu na maji, walivua kandokando: mitego ya kusuka, ndoana, kambare kwenye matete, samaki wadogo wa mawe. Huko katikati hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea majini, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya mtu kwenda. Mshi wa milimani yeye alihesabu ng'ombe. Mahari ilikuwa ng'ombe, heshima ilikuwa maziwa, na ziwa lilikuwa mandhari tu. Sherehe ya muganuro ya Idjwi, ya mavuno mapya mbele ya mwami, yaani mfalme, imeandikwa vya kutosha na haina uhusiano na samaki.

Sambaza waliletwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, chini ya utawala wa Wabelgiji, mtaalamu wa uvuvi aliyeitwa Collart alisimamia kazi ya kusafirisha maelfu ya vifaranga vya samaki kutoka Tanganyika hadi Kivu. Aliyelengwa hasa ni ndagala, yule ambaye Watanzania humwita dagaa wa Kigoma. Ndagala hakustahimili. Aliyenusurika ni ndugu yake aliyechanganyika naye, ambaye kitaalamu huitwa Limnothrissa miodon, na ndiye ambaye leo watu wa Bukavu, Goma na Kalehe humwita sambaza. Katika miaka ya 1970 alikuwa ameenea ziwa zima. Mradi wa FAO ulioanza Gisenyi, upande wa Rwanda, mwishoni mwa miaka hiyo ulisaidia kueneza chombo cha mitumbwi mitatu na wavu wa kuinua, na ufundi huo haukuomba pasipoti ili uvuke hadi Idjwi na Katana.

Hapa lazima litajwe kosa jingine la wageni, maana hili liliandikwa na msomi. Mwaka 1986 Henri Dumont, mtaalamu wa maziwa kutoka Ubelgiji, alichapisha makala ambayo kichwa chake kiliuliza kama samaki huyo wa Tanganyika ndani ya Kivu si janga jingine la mazingira kwa Afrika. Hoja yake ilikuwa kwamba sambaza angemaliza vijidudu anavyovila, kisha naye aangamie. Nusu ya hoja ilikuwa na msingi: kiumbe mmoja mkubwa miongoni mwa vijidudu hivyo, dafnia, alitoweka kweli. Nusu ya pili haikutimia. Karibu miaka arobaini baadaye, sambaza bado wanapimwa kila asubuhi ufuoni. Wavuvi hawakuisoma makala hiyo, na pengine ilikuwa heri.

Kikosi kizima, yaani chombo, wavu na watu wake, huitwa ekipe. Mwenye mali huitwa tajiri au patron, na mara nyingi hatii mguu majini. Anayeongoza usiku ni kapita. Chini yake wapo wapiga kasia saba, wanane au zaidi, wengi wao vijana, kila mmoja na koti kuukuu, kwa sababu katika kimo hicho saa nane za usiku ni baridi kali hata kama nchi iko karibu kabisa na ikweta. Mitumbwi mitatu huelea sambamba. Miti inayoiunganisha hukata upande hadi upande, na mingine huchomoza mbele na nyuma kupita urefu wa mitumbwi yenyewe, hivi kwamba kwa mbali chombo huonekana kama mdudu mwenye vipapasio virefu. Kwenye ncha za miti hiyo ndipo zinapopita kamba za wavu.

Ekipe huondoka jua linapokaribia kuzama. Ni lazima ifike mahali pake kabla ya giza kukaza, na mahali pa mtu hapaandikwi popote; ekipe iliyotangulia kuwasha taa ndiyo yenye haki usiku huo, na anayesogelea mwanga wa mwenzake hutukanwa mpaka kwa ukoo wake. Kwa miaka mingi taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zile za kupigwa pampu, ambazo soksi zake zikiguswa na tone moja la maji huvunjika. Kijana mgeni kwenye ekipe alianzia hapo: kupampu, kufuta kioo, kulinda soksi. Wavu ukishateremshwa chini ya mwanga, kinachofuata ni kungoja. Mchana sambaza hukaa vilindini; usiku hupanda kufuata vijidudu vyao, na taa huwakusanya juu ya wavu. Hakuna anayesema kwa sauti. Kapita hutazama maji. Samaki wakishaanza kumetameta kwenye duara la mwanga, wakizunguka kwa upande mmoja, hutoa amri, na wote huvuta kwa pamoja, kamba kwa kamba, mpaka tumbo la wavu linyanyuke. Samaki humiminwa kwenye mtumbwi wa katikati, wavu hushushwa tena, na kazi huanza upya mpaka alfajiri.

Katika nchi za barafu, kama Kanada, wapo watu wanaotoboa barafu ya ziwa na kuketi juu ya tundu siku nzima wakingoja trauti. Huko wengi hufanya hivyo kwa kujistarehesha mwisho wa juma. Mzungu aliyezoea hayo akiwaona wapiga kasia wa Ishungu huwaonea wivu wa utulivu. Utulivu huo hulipwa kwa usingizi na kwa kifua.

Mwezi mpevu huifuta kazi yote. Mbalamwezi ikijaa, taa hazina nguvu tena, samaki hutawanyika, na ekipe hubaki nchi kavu siku kadhaa. Ndizo siku za kushona nyavu, kuziba nyufa za mitumbwi, kudai na kudaiwa, kupeleka posa na kuzika kwa utaratibu. Jirani mkulima, ambaye haoni sababu ya kidume kulala mchana siku ya Jumanne, humwita mvuvi mvivu. Kalenda ya mvuvi ni ya mwezi, na mkulima wa Kabare, huko milimani, hafuati mwezi.

Sasa nyimbo. Mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja ina shida moja: upande mmoja ukitangulia kupiga kasia, chombo kizima hupinda, na miti ya kuunganisha hulia. Hakuna njia ya kuwapangilia watu wanane waliopeana mgongo gizani isipokuwa sauti. Mwimbishaji hutupa mstari, wengine hupokea, na kasia huingia majini pale wanapopokea. Akitaka mwendo wa haraka hufupisha mstari. Upepo ukiwa mbele huurefusha ili watu wapumue. Lugha huchanganywa bila haya: Kihavu, Mashi, Kinyarwanda, Kiswahili cha Bukavu. Maneno hubuniwa papo hapo juu ya yale ya siku hiyo, tajiri aliyebana posho, mke aliyeahidiwa kitenge, ekipe ya jirani iliyorudi mikono mitupu. Mpiga kasia asiyethubutu kumdai tajiri wake ufuoni humdai ndani ya wimbo, mbele ya watu, na tajiri hana ruhusa ya kukasirika. Ubingwa wa mwimbishaji mzuri ulikuwa mali. Ekipe zilimgombania, na alipewa fungu la ziada juu ya fungu la kawaida pale tajiri alipokuwa mwenye akili.

Kuhusu miiko na dawa za kuvutia samaki, kila ufuo una zake na kila ufuo hucheka za mwenzake.

Alfajiri kazi hubadilika mikono. Wanawake huwa wamekwisha kukaa mchangani na mabeseni kabla chombo hakijagusa nchi. Kipimo ni ndoo kwa wanaonunua jumla, na kwa rejareja ni kopo tupu la maziwa ya Guigoz, ambalo limepima unga, maharage na samaki wa Kivu Kusini kwa vizazi. Mama anayenunua hutazama kopo likijazwa, hutikisa kidogo ili samaki washuke, kisha hudai matabishi, ile konzi ya juu isiyohesabiwa. Asipopewa halipi. Wengi huchukua kwa mkopo na kurudisha fedha jioni, kwa neno tu. Aliyeshindwa mara mbili hujikuta anaitwa wa mwisho. Katika fedha za usiku huo, gharama ya mafuta huondolewa kwanza, tajiri huchukua sehemu yake, zinazobaki hugawanywa, na kila mpiga kasia huongezewa samaki wachache wa mboga ya nyumbani. Fungu hilo la mboga ni haki yake hata usiku uliokuwa mbaya, na tajiri anayeligusa hukimbiwa na watu wake.

Sambaza hawangoji. Kufikia adhuhuri wameanza kulainika, kwa hiyo beseni lazima liwahi soko la Katana, Kavumu, Mudaka au Bukavu. Waliobaki huanikwa juani, jambo jepesi kuanzia Juni hadi Agosti na la kubahatisha katika miezi mirefu ya mvua. Jikoni huoshwa, hutiwa chumvi na kukaangwa kwenye mafuta ya mawese mpaka wawe wakavu, kisha huliwa wazima, kichwa na miiba, pamoja na bugali na sombe, yaani ugali na majani ya mihogo. Si jambo dogo hilo. Hospitali ya watoto ya Lwiro imejulikana kwa miongo mingi kwa kutibu utapiamlo mkali, na iko mahali ambapo ziwa linaonekana chini ya mlima. Kwa familia isiyoweza kununua nyama, kopo la sambaza ndilo linalomweka mtoto mbali na mlango wa hospitali hiyo.

Desturi hii inaondoka, na inaondoka vipande vipande. Taa za betri na sola zimezifuta karabai. Ni nafuu na haziogopi maji, na hakuna wa kuzililia karabai isipokuwa mafundi wake. Mota ni jambo jingine. Ekipe inayovutwa kwa mota haihitaji mwimbishaji, na kijana aliyeingia kazini juu ya chombo cha aina hiyo hajifunzi hata wimbo mmoja. Baya zaidi ni chandarua. Sambaza huzaliana karibu na pwani, na watoto wake hukulia hapohapo. Anayekokota chandarua kando ya maji huvua samaki wa mwaka ujao. Rwanda hufunga uvuvi upande wake kwa takriban miezi miwili kila mwaka, lakini samaki ni walewale na ziwa ni hilohilo, na kufunga nusu ya ziwa ni kufunga nusu ya mlango. Vita navyo vina mchango wake. Mwezi Februari 2025 Kavumu na Bukavu ziliingia mikononi mwa waasi wa M23, na katika nchi ya vita kila amri ya kutotoka usiku humwangukia kwanza mtu ambaye kazi yake yote ni usiku.

Wapo wanaosema desturi iliyoletwa na Wabelgiji pamoja na FAO si desturi ya kusikitikia. Hao wasahau basi na mihogo, maharage na mahindi, vilivyotoka Amerika, vikalimwa Bushi, nchi ya Bashi, mpaka vikaitwa chakula cha mababu. Wavuvi wa Katana na Idjwi walipewa samaki na chombo. Nyimbo, haki ya mwanga, fungu la mboga na matabishi waliyatunga wenyewe.

Lwiro kuna kituo cha utafiti cha CRSN, mrithi wa IRSAC iliyoanzishwa mwaka 1947, chenye maktaba na watu waliozoea kuhesabu samaki wa ziwa hili. Waimbishaji wa enzi ya karabai bado wapo hai kwenye fuo zilizo chini ya kituo hicho. Anayetaka kuwarekodi ashuke sasa, kabla ya mwezi kujaa, na awalipe kwa usiku watakaopoteza.