ILAIYARAAJA: MTUNZI WA FILAMU ELFU MOJA

Ndugu msomaji, wengi wetu tukisikia filamu za Kihindi zikitajwa, mawazo yetu hukimbilia Bombay, mji ambao siku hizi unaitwa Mumbai. Lakini India ni pana. Kule kusini, katika jimbo la Tamil Nadu, watu husema Kitamili, nao wana filamu zao, waigizaji wao na nyimbo zao. Huko ndiko anakotoka Ilaiyaraaja, mtunzi aliyetia muziki katika filamu zaidi ya 1,000. Si mchezo!

Alizaliwa mwaka 1943 katika kijiji cha Pannaipuram. Kaka yake, Varadarajan, alikuwa na kikundi cha wanamuziki kilichozunguka kikiimba katika sherehe na mikutano ya siasa. Kijana huyu alijiunga nacho akiwa na umri wa miaka 14. Mwalimu wake hapo yalikuwa masikio yake mwenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alifunga safari hadi mji wa Madras, ambao sasa ni Chennai. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama kweli. Alisomeshwa na Mwalimu Dhanraj kusoma na kuandika nota za Kizungu, akafanya mtihani wa gitaa wa chuo cha Trinity cha London. Wakati huo huo alikuwa msaidizi wa mtunzi G. K. Venkatesh. Filamu kama 200 zilipita mikononi mwake akiwa msaidizi tu, jina lake likiwa halijulikani.

Mlango ulifunguka mwaka 1976, alipopewa filamu yake ya kwanza, Annakili. Siku hizo nyimbo za Bombay zilikuwa zimetamba hata huko kusini. Ilaiyaraaja akaja na tuni za kijijini kwao, zikipambwa kwa vyombo vya kisasa. Watu wakazipokea kwa mikono miwili.

Hebu sasa tufanye hesabu kidogo. Filamu yake ya 1,000, Tharai Thappattai, ilitoka mwaka 2016. Hiyo ni miaka 40, yaani filamu 25 kila mwaka, au moja kwa kila majuma mawili. Aliwezaje?

Jibu ni kalamu. Mtunzi wa filamu ana kazi mbili. Kwanza hutunga nyimbo, ambazo hurekodiwa kabla ya waigizaji kuziigiza. Pili, filamu ikishapigwa, hutunga muziki wa kusindikiza matukio: mtu anapolia, anapokimbia, au anapokaa kimya. Watunzi wengi hutafuta tuni kwenye kinanda, kisha msaidizi akapanga nani atapiga nini. Ilaiyaraaja hutazama sehemu ya filamu, akaketi na karatasi, akaandika moja kwa moja sauti ya kila chombo: fidla hivi, filimbi hivi, ngoma hivi. Karatasi hugawiwa wapigaji, nao husoma na kupiga. Yale masomo ya Madras ndiyo yaliyompa mbio hizo.

Lakini wingi pekee hauleti heshima. Kilichomtukuza ni kwamba alikataa kubagua muziki. Kule kwao kuna ngoma iitwayo parai, ambayo tangu zamani ilipigwa na watu wa matabaka yaliyodharauliwa, hasa matangani. Kuna pia muziki wa Karnatiki, uliotunzwa na wasomi na watu wa tabaka la juu. Wapenzi wa huu wengi waliudharau ule. Ilaiyaraaja aliviweka vyote katika chungu kimoja, akaongeza na muziki wa Ulaya. Katika filamu ya Sindhu Bhairavi ya mwaka 1985, mwimbaji mashuhuri wa Karnatiki anaambiwa na mwanamke kijana aimbe kwa lugha ambayo watu wa kawaida wanaielewa. Muziki wa filamu hiyo ulimpatia Ilaiyaraaja tuzo ya taifa. Na ile filamu yake ya 1,000 ilihusu nini? Wasanii wa ngoma za vijijini! Hiyo nayo ikampa tuzo ya taifa.

Mambo hayakuwa mteremko siku zote. Mwaka 1992 alitokea kijana A. R. Rahman, aliyewahi kumpigia kinanda, na muziki wake wa kompyuta ukawateka vijana. Wengine walidhani jua la mzee limekuchwa. Wapi! Aliendelea kuandika. Mnamo Machi 8, 2025, akiwa na umri wa miaka 81, simfoni yake iitwayo Valiant ilipigwa London na okestra maarufu ya Royal Philharmonic.

Wenzangu, tuna funzo hapa. Wapo miongoni mwetu wanaoziita ngoma za nyanya zetu mambo ya kishamba, na wapo wanaoona kusoma nota ni kupoteza wakati kwa mtu mwenye kipaji. Ilaiyaraaja aliondoka kijijini na tuni za kwao kichwani, akajifunza kuziandika, na kwa kuwa ziliandikwa, hata wapigaji wa okestra yoyote duniani wanaweza kuzisoma. Basi tusikie ya kwetu, na tushike kalamu.