Mboga Huanza Kabla ya Mvua

Mwanzoni mwa Oktoba, yapata saa sita na nusu mchana, jua husimama wima juu ya Haydom. Mlingoti wa bendera uwanjani mwa shule hupoteza kivuli chake. Mji huu wa wilaya ya Mbulu, jirani na Hanang, uko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwenye uwanda wenye mwinuko wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Wiki hiyo mashamba yako wazi, mabua yamekwisha kuliwa na ng'ombe, upepo unabeba vumbi, na mvua ya kupandia mahindi haitegemewi kabla ya mwishoni mwa Novemba. Ukimwambia mtu kwamba huu ndio wakati wa kupanda mboga nyumbani, atakuuliza maji yako wapi. Swali lake ni la haki na nitalijibu kwa lita, lakini kwanza tuone kwa nini wakati ni huu.

Kaskazini mwa Ulaya bustani hufuata mwanga. Wamisionari wa Norway, ambao hospitali yao ya Kilutheri ilianza kazi Haydom mwaka 1955, walitoka nchi ambayo mji wake mkuu, Oslo, hupata mchana usiofika saa 6 mwezi wa Desemba na unaokaribia saa 19 mwezi wa Juni. Mimea ya huko imezoea kupima urefu wa mchana na kuamua lini itoe jani, ua au kiazi. Haydom, mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote hupishana kwa karibu nusu saa tu. Ndiyo maana mbegu ya kitunguu iliyozalishwa kwa ajili ya Norway ikipandwa hapa huota majani mazuri na kukataa kuvimba, kwa sababu inasubiri mchana mrefu ambao hautafika kamwe. Wakulima wa Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, wanaolisha masoko mengi kwa vitunguu vyao, hutumia aina zinazoridhika na mchana wa saa 12, kama Red Creole na Bombay Red.

Kwa hiyo huku mwanga haubadiliki kiasi cha kutuhesabia majira. Vinavyobadilika ni joto na maji, na viwili hivi havifiki pamoja. Baridi ya Juni na Julai hulegea Agosti, udongo hupata joto Septemba, halafu hupita miezi miwili au zaidi kabla ya mvua. Pengo hilo kati ya joto na mvua ndilo ninalolisemea.

Mchicha unalipenda pengo hili kuliko mboga nyingi nyingine. Kila mmea hufungua vitundu vidogo vya majani ili kuvuta hewa ukaa, na kila vinapofunguka maji hutoroka. Sukuma wiki, kabichi na nyanya hufanya biashara hiyo kwa hasara kubwa jua linapochoma, maana kimeng'enya kinachonasa hewa ukaa hukosea mara kwa mara na kushika oksijeni badala yake, na kosa hilo huongezeka joto linapopanda. Mchicha una mfumo tofauti, ule ule wa mahindi na mtama: seli za nje hunasa hewa ukaa na kuisukuma kwa wingi ndani ya seli za katikati, ambako oksijeni haipati nafasi. Kwa hiyo vitundu vinaweza kubaki vyembamba na bado jani likashiba. Matokeo yake, kwa kila gramu ya mmea mkavu, mchicha hutumia karibu nusu ya maji yanayotumiwa na mimea ya mfumo wa kawaida. Mbegu zake huota ndani ya siku 3 hadi 5 udongo ukiwa na joto, na wiki ya nne unavuna. Ukizimwaga mbegu hizo hizo katika baridi ya Julai utangoja sana. Julai ni ya sukuma wiki, figiri na loshuu, ambazo baridi huzifaa.

Kuna sababu nyingine ya kulithamini pengo hili, nayo iko kwenye sahani. Mvua zikianza, mboga za bure hujitokeza zenyewe shambani: mlenda, mgagani, mchunga, mchicha pori. Kabla ya hapo, kaya isiyo na bustani hula ugali kwa maharage au maziwa ikiwa yapo, au hununua kabichi iliyosafiri.

Eneo hili, ambalo Wairaqw, Wadatoga, Wanyiramba na Wahadzabe huishi jirani wakizungumza lugha za asili nne zilizo mbali kabisa, limechunguzwa kiafya kuliko vijiji vingi vya Tanzania. Haydom ilikuwa moja ya vituo 8 duniani vya utafiti wa MAL-ED ulioanza mwaka 2009 na kufuatilia watoto tangu kuzaliwa, pamoja na Dhaka nchini Bangladesh, Fortaleza nchini Brazil na Vellore nchini India. Watoto wa Haydom walinyonyeshwa, na bado wengi wao walidumaa. Kilichojitokeza sana katika vinyesi vyao, hata vya wasioharisha, ni vimelea vya matumbo, hasa bakteria aina ya Campylobacter, wanaoishi kwa kuku na mifugo. Baadaye utafiti mwingine hapo hapo, ELICIT, ulijaribu, kwa watoto zaidi ya 1,100, dawa za kuua vimelea hivyo na vitamini ya kundi B iitwayo nikotinamaidi. Walipopimwa wakiwa na miezi 18, urefu wao haukuwa umebadilika kwa sababu ya dawa wala vitamini.

Naeleza haya ili nisimdanganye mzazi yeyote. Mchicha peke yake hauondoi udumavu. Tafiti za bustani za nyumbani katika nchi nyingi zinaonyesha kwamba bustani huongeza mboga mezani na vitamini A mwilini, ila kwenye kimo cha mtoto athari yake ni ndogo au haionekani. Vitamini A yenyewe inatosha kuwa sababu: bila hiyo macho hufifia gizani na surua humkuta mtoto hana kinga.

Sasa maji. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Siku kavu yenye jua na upepo, udongo na mmea kwa pamoja hupoteza kama milimita 5. Basi mita moja ya mraba inataka lita 5 kwa siku, na ndoo ya lita 20 inatosha mita 4 za mraba, eneo la mkeka mkubwa. Mita hizo 4 za mchicha, zikitunzwa na kupewa samadi, hutoa kilo 4 hadi 8 kila mwezi. Ni sufuria moja au mbili za mboga kila wiki, kwa ndoo moja kwa siku. Kwa anayebebea maji kichwani kutoka mbali, bei hiyo ni kubwa, na sitampigia hesabu ya nguvu zake. Lakini sehemu ya ndoo hiyo tayari imo nyumbani: maji ya kuoshea mboga, ya kusuuza vyombo, ya kuoshea nafaka. Ya sabuni ya unga yaende kwenye mgomba au mpapai, kwa kuwa chumvi zake hugandisha udongo wa kitalu.

Wataalamu wengi wa lishe hupenda kufundisha bustani ya gunia. Katika uwanja mdogo wa mjini inafaa. Haydom ya Oktoba, gunia lililosimama wima hupigwa na upepo pande zote na kukauka kama nguo kwenye kamba. Mimi nachagua jaruba: chimba kitalu kishuke kiganja kimoja chini ya usawa wa uwanja, kingo ziinuke kidogo. Maji hayatiririki nje, upepo hupita juu ya miche, na mvua ya kwanza ikinyesha huingia ndani badala ya kukimbilia korongoni. Tandaza nyasi ambazo ng'ombe wamezikataa, kwa sababu mabua mazuri hakuna mfugaji atakayekuachia. Matandazo yana kazi kubwa hasa wiki mbili za mwanzo, miche ikiwa midogo na jua likipiga udongo mtupu. Mwagilia jioni, tena maji yazame. Kunyunyiza kidogo kidogo mchana huleta mizizi juu, mahali panapokauka kwanza. Ukipata mtungi wa udongo usiopakwa rangi, uzike hadi shingoni katikati ya jaruba na uujaze. Udongo mkavu huvuta maji kupitia vinyweleo vya mtungi, na ukiloa huacha kuvuta.

Samadi haina uhaba kwa Wairaqw na Wadatoga. Kwenye milima ya Irqwa Da'aw karibu na Mbulu, Wairaqw walijulikana tangu zamani kwa kurutubisha mashamba kwa samadi ya zizini na kuyakinga miteremkoni kwa matuta. Ila kumbuka Campylobacter. Samadi mbichi ya kuku au ng'ombe kwenye mboga inayochumwa baada ya wiki 4 ni njia fupi ya kuvirudisha vimelea jikoni. Irundike ikiwa na unyevu pamoja na majani, iache ichemke yenyewe. Katikati ya rundo joto hupita nyuzi 55 za Selsiasi, na vimelea vingi haviwezi kulistahimili. Geuza rundo mara kadhaa ili pande za nje nazo zipite katikati.

Jani likifika jikoni, kijani chake kinasema mengi. Karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huishi ndani ya jani pamoja na rangi ya kijani, na kazi yake huko ni kulilinda jani dhidi ya mwanga uliozidi. Moyo wa kabichi haukuwahi kuliona jua, kwa hiyo una karotini kidogo sana ukilinganisha na mchicha, mnafu au majani ya kunde. Mwili unahitaji kama mikrogramu 12 za karotini ya chakula kupata mikrogramu 1 ya vitamini A, na bila mafuta hata hizo hupita tu. Kijiko cha mafuta ya alizeti, zao la ukanda huu, au karanga zilizotwangwa, vinatosha. Osha mboga kabla ya kukata, kwa sababu foleti na vitamini C huyeyuka na kumwagwa na maji.

Ukizidiwa na mavuno, kausha kivulini penye upepo. Mwanga mkali huivunja karotini mara jani likikatwa, na mboga iliyoanikwa juani hadi ikapauka imebaki na nyuzi na madini. Iliyokaukia chini ya paa au kitambaa hubaki kijani, na ikifungwa isipate unyevu italiwa Januari, wakati mahindi bado ni mabichi shambani.

Acha pia miche miwili mitatu iliyo imara zaidi ifike kwenye mbegu. Tawi la Kituo cha Dunia cha Mboga lililopo Arusha limehifadhi na kuboresha mboga za asili za Afrika kwa miaka mingi, na aina zake za mchicha Madiira 1 na Madiira 2 zinaweza kurudiwa kupandwa kutoka mbegu zako mwenyewe, tofauti na mbegu chotara za dukani. Suke moja lililokauka lina maelfu ya mbegu. Lipukute juu ya karatasi, peta vumbi, weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko, na andika mwezi.