Kupotea kwa Rangi ya Ngozi Baada ya Ukurutu, Moto na Majeraha: Suala la Utambuzi katika Ngozi Nyeusi

Ngozi iliyougua ukurutu au kuungua moto yaweza kupona kidonda, lakini ikabaki imepoteza rangi. Hali hii huwapata watu wa rangi zote, ila katika ngozi nyeusi baka huonekana kutoka mbali, na aghalabu jamii hulipa jina kabla ya mgonjwa kufika kwa tabibu. Jina mbalanga, kwa mfano, hueleza namna baka linavyoonekana. Halisemi limetokana na nini. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu miongoni mwa vyanzo vya mabaka hayo umo ukoma.

Rangi ya ngozi hutengenezwa na seli ziitwazo melanosaiti, zilizopo chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi. Seli hizi huunda chembe za melanini na kuzigawia seli jirani. Watu weusi na weupe wana takriban idadi ileile ya melanosaiti. Kinachowatofautisha ni wingi, ukubwa na mpangilio wa chembe hizo. Ngozi inapovimba na kuwasha, kazi ya kuunda au kugawa chembe huzorota, lakini seli zenyewe hubaki hai. Kwa hiyo baka la ukurutu hufifia tu, halitakati, na kwa kawaida rangi hurudi polepole katika muda wa miezi kadhaa.

Moto uliopenya ndani huacha hali tofauti, kwa kuwa huziua melanosaiti. Baridi kali nayo hufanya vivyo hivyo: seli hizi hufa kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri, ilhali seli jirani huhimili baridi kali zaidi. Ndiyo maana chunjua ikigandishwa kwa naitrojeni huweza kuacha doa jeupe la kudumu. Tumaini hubaki katika mashina ya nywele, ambamo melanosaiti nyingine hujihifadhi. Rangi inaporudi, huanza kama vidoa vyeusi kuzunguka vinyweleo. Viganja na nyayo, kwa kukosa vinyweleo, hazina akiba hiyo.

Baka la ukoma nalo hufifia bila kuwa jeupe kabisa, hivyo macho pekee hayatoshi. Kipimo cha kwanza ni chepesi: mgonjwa hufumba macho, baka likaguswa kwa ncha ya pamba, naye akaonyesha alipoguswa. Baka lililokufa ganzi ni dalili nzito ya ukoma. Hata hivyo, kipimo hiki hulegea usoni, mahali penye mishipa mingi ya fahamu, ambapo hisia huweza kubaki japokuwa ugonjwa upo. Bahati mbaya, uso ndio mahali ambapo watoto wengi hupata mabaka yaliyofifia yatokanayo na ukurutu mwepesi. Kwa mtoto wa namna hiyo, tabibu hana budi kukagua mwili mzima, kupapasa mishipa ya fahamu kwenye kiwiko na nyuma ya goti, na kumwona tena baadaye. Kumpa krimu kali ya steroidi ili kujaribu bahati huvuruga uchunguzi, maana dawa hiyo yenyewe hupausha ngozi.