Msimfunge Mdomo Mlinzi wa Umeme

Tangu bwawa la Owen Falls, ambalo leo laitwa Nalubaale, lilipofunguliwa pale Jinja mwaka 1954, umeme umeendelea kuingia katika nyumba zetu nchini Uganda, na nyumba za askari hazikuachwa nyuma. Pamoja na manufaa yake yote, umetuletea adha moja ambayo familia nyingi za kambini zinaifahamu: taa huzima ghafla hali nyumba ya jirani inawaka, baba mwenye nyumba hupapasa gizani mpaka kwenye kisanduku cha umeme, huipandisha swichi iliyoanguka, na baada ya dakika tano ikaanguka tena.

Ndugu askari na polisi, leo twapenda kuzungumza juu ya jambo hili, kwa sababu tumeona mengi yanayofanywa na watu wasio na subira. Wapo wanaoondoa fyuzi iliyoungua wakaweka msumari. Wapo wanaong'oa breka ya ampea 16 wakaweka ya ampea 32, kisha wakajisifu kwamba wamemaliza taabu. Wapo hata wanaounga waya moja kwa moja na kukiruka kifaa chenyewe. Watu hawa hawakuondoa taabu. Wamemfunga mdomo mlinzi. Hebu tujiulize: mlinzi wa lango akipiga filimbi mara tatu usiku, je, tutamnyang'anya filimbi ili sisi tupate usingizi?

Wakati mmoja, katika majira ya mvua, tulikaa katika nyumba za askari ambako jirani yetu, koplo mwenye mke na watoto wanne, alipatwa na adha hiyo. Kila siku, kiasi cha saa moja jioni, nyumba yake iliingia giza. Kwa kuwa saa hiyo ndiyo saa ya kupika, lawama zote ziliangukia jiko la umeme. Mama wa watoto akarudi kwenye makaa. Giza likaja vilevile. Ikalaumiwa pasi, kisha redio. Hatimaye koplo akatujia, akasema, "Afande, kuna kijana anayejua umeme. Amesema atakiruka kile kifaa kikubwa, na taa hazitazima tena." Tukamjibu, "Ngoja kwanza, koplo. Kesho tumwulize mlinzi huyo ameona nini."

Kabla ya kuendelea, yafaa tuwafahamu walinzi waliomo katika kisanduku. Wa kwanza ni breka ndogo, kila moja ikilinda njia yake: njia ya taa, njia ya soketi, njia ya jiko. Breka huanguka kwa sababu kubwa mbili. Ama mzigo umezidi, na hapo kibati kilichomo ndani hupata joto, hupinda polepole, na breka hukatika baada ya muda. Ama umeme umepiga shoti, yaani waya wa moto umegusana na nyutro, na hapo sumaku iliyomo huikata papo hapo. Kwa hiyo muda nao ni ushahidi: breka inayokatika mara tu inapopandishwa ina habari yake, na inayokatika baada ya robo saa ina habari nyingine.

Mlinzi wa pili ni swichi iliyo kubwa zaidi, yenye kitufe kidogo cha kujaribia, ambacho aghalabu kimeandikwa herufi T. Kazi yake si kupima mzigo. Yeye hulinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa nyutro, mfano wa karani wa ghala la silaha anayehesabu bunduki zinazotoka na zinazorudi. Hesabu ikipungua kwa kiasi cha miliampea 30, hukata umeme kwa kufumba na kufumbua, maana uliopungua umepata njia nyingine ya kwenda ardhini, na njia hiyo yaweza kuwa mwili wa mtu. Nyumba za zamani aghalabu hazina mlinzi huyu.

Kesho yake, giza lilipoingia, tulikwenda na tochi. Breka ndogo zote zilikuwa zimesimama. Aliyeanguka ni yule mkubwa. Hapo tukajua kwamba habari haikuwa ya mzigo, bali ya umeme unaovuja. Tukazima swichi zote za taa na kuchomoa kila plagi. Twasema kuchomoa, si kuzima soketi, kwa sababu swichi ya soketi aghalabu hukata waya wa moto peke yake, na uvujaji waweza kupitia nyutro. Tukashusha breka zote, tukampandisha mkubwa, akasimama. Tukapandisha breka moja moja, tukisubiri kidogo kila mara, zote zikasimama. Tukarudisha vyombo kimoja kimoja: jiko, pasi, redio. Kimya. Zikabaki taa. Sebuleni, chumbani, jikoni, salama. Mama wa watoto akanyosha mkono kwenye swichi ya taa ya nje, ile inayowashwa kila magharibi. Tak! Giza.

Asubuhi fundi wa umeme wa kikosi alizima swichi kuu, akahakikisha kwa testa kwamba waya hauna moto, akaifungua taa ile. Maji ya mvua yalikuwa yameingia ndani, na waya wa moto uliochubuka uligusa kikono cha chuma kinachoibeba taa. Katika kikono hicho ilifungwa kamba ya waya ya kuanikia nguo, na ncha yake ya pili ilikuwa kwenye nguzo ya chuma iliyochimbiwa uani. Umeme ulikuwa ukipita katika kamba ya nguo kwenda ardhini. Breka ya taa, ya ampea 6, haikuona kitu, kwa kuwa uliovuja ulikuwa mdogo kwake. Lakini umeme usiofika hata ampea moja watosha kumwua mtu. Kama yule kijana angalikiruka kifaa, taa zisingalizima, na mama angalikwenda jioni kuanua nguo za watoto. Koplo aliitazama kamba ile kwa muda mrefu, asiseme neno. Taa ilibadilishwa, kikono kikaungwa na waya wa ardhi, na kamba mpya ya katani ikafungwa mahali pengine.

Ikiwa aliyeanguka ni breka ndogo, hesabu ni nyepesi. Chukueni wati za kila chombo, mzigawe kwa volti 240, mtapata ampea. Jiko la koili mbili la wati 2,400 hula ampea 10. Birika la wati 2,000 hula zaidi ya 8. Pasi ya wati 1,200 hula 5. Vikitumika pamoja katika njia moja ya ampea 16, jumla imepita 23, na breka haina kosa. Dawa ni kuvitumia kwa zamu, wala si kuongeza ukubwa wa breka, maana ukubwa huo umepimwa kwa unene wa waya uliomo ukutani. Mkiweka ya ampea 32, breka itanyamaza, na waya ndio utakaopata moto.

Lakini ikiwa breka inakatika papo hapo hata baada ya plagi zote kuchomolewa na taa zote kuzimwa, au yule mkubwa anakataa kusimama hali breka zote zimeshushwa, kosa huenda limo katika waya za nyumba au katika kisanduku chenyewe. Hapo kazi yenu imekwisha, mwiteni fundi. Vivyo hivyo mkisikia harufu ya plastiki inayoungua au mkiona soketi imebadilika rangi, zimeni swichi kuu, wala msiipandishe mpaka fundi afike.

Jambo la mwisho: kila baada ya miezi michache bonyezeni kile kitufe cha T. Swichi isipoanguka, jueni kwamba mlinzi amelala kazini, na hapana budi abadilishwe. Nasi sote twajua askari anavyofanya mlinzi wake anapotoa taarifa: huipokea, kisha huenda kutafuta kilichomshtua. Tufanye vivyo hivyo nyumbani, maana wanaolindwa humo ni wake zetu na watoto wetu.